Pampu ya haidroliki ya boksi moja kwenye ndege ya kujiundia: maoni yangu baada ya miaka miwili

Nimekaa na hii pampu miaka miwili na masaa 140 na kitu ya kuruka, kwa hiyo ile furaha ya kitu kipya ishaisha na naweza kuiongelea vizuri. Ni ile aina ya boksi moja, yaani mota ya umeme, pampu yenyewe, tangi la oili na valvu zote zimekaa kwenye bonge moja la alumini, unafunga boliti nne, unaunganisha paipu mbili na nyaya, magurudumu yanapanda na kushuka. Niliinunua kwa sababu moja tu, nilitaka mfumo wa haidroliki wa ndege yangu uwe mdogo kiasi cha kuweza kuuchora wote kichwani nikiwa nimefumba macho, ili siku taa ya kijani (ile ya kuonyesha magurudumu yamefika chini na kujifunga) ikigoma kuwaka nijue kabisa oili iko wapi na inataka kwenda wapi. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata ina sababu yake na sio ndogo, nitaifikia huko chini.

Ngoja nianze na nilikotoka manake bila hivyo hutaona kwa nini naipenda. Ndege ni ya viti viwili, bodi ya faiba, magurudumu yote matatu yanakunjwa. Ramani niliyoanza nayo ilikuwa na pampu inayozungushwa na injini, tangi pembeni limefungwa kwenye ukuta wa moto (ule unaotenga injini na kabini), regyuleta ya kuachia mzigo presha ikishafika, akumuleta ya naitrojeni (chupa ya kuhifadhi presha), pampu ya mkono ya dharura, levo moja ya magurudumu na nyingine ya flapu (vile vibao vya nyuma ya bawa vya kushusha wakati wa kutua), halafu na zile valvu za kupanga zamu ili milango ifunguke kwanza ndo gurudumu lishuke. Kwenye karatasi inapendeza sana. Siku moja nikakaa nayo na kalamu nyekundu nikawa naweka nukta kila mahali ambapo oili inaweza kutokea nje, kila fitingi (kiungo cha paipu), kila oringi (pete ya raba ya kuziba), kila ncha ya hozi, nikafika 61. Sitini na moja! Na baadhi ziko nyuma ya tangi la petroli mahali ambapo mkono haufiki mpaka utoe kiti na nusu ya dashibodi. Nikaangalia ile karatasi muda mrefu sana nikaona hii sio ndege ninayotaka kuruka nayo na familia yangu.

Sasa wengi wakisikia kurahisisha wanafikiria kilo. Uzito ulipungua ndio, ila sio sana, manake mota na nyaya nene zilirudisha karibu nusu ya nilichookoa. Faida iko kwenye zile nukta nyekundu. Leo ninazo 22 na kila moja naiona nikifungua vifuniko viwili.

Na hapa niseme kitu ambacho muuzaji yeyote hatakwambia, hiyo pampu peke yake haikupunguza nukta nyingi hivyo. Kilichopunguza ni kuuondolea mfumo kazi. Flapu nilizitoa kabisa kwenye oili nikaweka skrubu ya umeme, mota ndogo, swichi mbili za kukata mwisho wa safari, imeisha, na flapu zikigoma unatua bila flapu, kila rubani kafundishwa. Mlango wa gurudumu la mbele nikaufunga kwa kijiti kwenye mguu wenyewe, mguu ukishuka unausukuma, hauna silinda wala valvu. Milango ya ndani ya magurudumu makubwa nikaitupa. Nilisita sana kwenye hilo mpaka nilipokumbuka historia ya Cessna 210, ile ndege mwanzoni ilikuwa na pampu ya injini na milango ya kufunguka na kufunga kwa haidroliki, kwenye modeli ya 1972 wakaibadili pampu ikawa ya umeme, na kwenye ya 1979 milango ya magurudumu makubwa ikaondolewa kabisa. Kama kiwanda chenye wahandisi wote wale kiliona milango haistahili hiyo shida, mimi mwenye hanga moja na mikono miwili nang'ang'ania nini? Spidi niliyopoteza naweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Baada ya hapo ndo boksi moja likatosha, kwa sababu lilibaki na kazi moja tu, kupandisha na kushusha magurudumu matatu.

Jinsi linavyofanya kazi ni rahisi mpaka raha. Mota inazunguka pande zote mbili. Ikizunguka upande huu pampu inasukuma oili paipu ya kupandisha na inavuta kutoka ya kushusha, ukigeuza umeme inazunguka kinyume na kila kitu kinageuka. Hakuna valvu ya kuchagua inayopitisha oili kule mbele kwenye dashibodi, levo yangu ni swichi ya umeme tu. Hiyo peke yake ilinitolea paipu nne zilizokuwa zinapita chini ya miguu ya rubani. Presha ikifika kiwango, swichi ya presha inaikata mota, na valvu za njia moja zinaishikilia oili ndani. Kwangu inakata kwenye baa 70 hivi (psi 1,000 na kidogo) na inawaka tena ikishuka mpaka 50.

Nguvu inatosha? Inatosha na zaidi, ila piga hesabu zako mwenyewe usimwamini mtu. Silinda zangu zina kipenyo cha milimita 25, fimbo ya milimita 12. Kwa baa 70 upande uliojaa, yaani usio na fimbo, unatoa nguvu ya kama kilo 350, na upande wenye fimbo, kwa vile fimbo inakula nafasi, unatoa kama 270. Silinda zangu zinavuta wakati wa kupandisha, yaani kazi ngumu zaidi inafanywa na upande ulio dhaifu zaidi, kwa hiyo hiyo 270 ndo namba ya kupimia na sio 350. Nimeona mtu kakosea hapo akaishia kubadili silinda zote.

Hiyo tofauti ya fimbo ina jambo lingine ambalo lilinikuta. Silinda ikiwa imenyooka inashika oili nyingi kuliko ikiwa imeingia, kwangu safari ni milimita 200, tofauti ni kama sentimita za ujazo 23 kwa kila silinda, zote tatu karibu 70. Hiyo oili lazima ikae mahali, na mahali ni tangi la boksi. Mimi magurudumu yakiwa chini nikajaza tangi mpaka shingoni nikaridhika, ndege iko juu ya jeki, nikapandisha, zile sentimita 70 zikarudi tangini zikakosa nafasi zikatokea tundu la kupumulia mpaka kwenye zulia. Siku nzima nasugua. Kitabu cha maelezo kimeandika "jaza mpaka kwenye alama" lakini hakisemi magurudumu yawe wapi, na hiyo ni sentensi moja tu wangeongeza.

Kitabu kwa ujumla ni kibovu, kurasa chache, mchoro mmoja mdogo, namba za matundu ziko sahihi namshukuru Mungu. Ila nilipouliza maswali walijibu, tena aliyejibu alikuwa mtu anayeijua pampu, sio mtu wa mauzo. Hilo nawapa alama kamili.

Haya sasa dharura. Mpangilio wangu hauna kulabu ya kushikilia magurudumu yakiwa juu, yanashikiliwa na presha ya oili peke yake. Kuna watu hili linawatisha, mimi ndo linanipa usingizi, kwa sababu presha ikipotea kwa sababu yoyote magurudumu yanataka kwenda chini, na chini ndo nayataka. Ndege ya Piper Arrow tangu 1967 iko hivyo hivyo, pampu ya umeme ya kugeuza na presha tu inayoshikilia juu. Ila yakishafika chini usitegemee presha kabisa, pale kuna kufuli la chuma, kiungo kinachopita mstari wa katikati na springi inayokivuta, na nimelijaribu kufuli kwa kutoa oili yote na kuisukuma ndege mbele na nyuma.

Kazi ya kushusha bila umeme inafanywa na valvu moja ya mkono inayounganisha pande zote mbili na tangi, ukiifungua kila kitu kinalegea na uzito unafanya kazi. Hapa nilipoteza wiki tatu. Jaribio la kwanza kwenye jeki magurudumu yalishuka kama yanafikiria, gurudumu la kushoto likasimama katikati. Nikalaumu silinda, nikalaumu bushi, kumbe tatizo ni kwamba silinda ikinyooka inatakiwa ivute oili ndani, kama sentimita 98 kila moja, na nilikuwa naivutisha kupitia paipu nyembamba ndefu yenye kona sita. Oili ya baridi kwenye paipu nyembamba ni kama uji. Nikaihamisha valvu karibu na boksi, nikabadili kipande cha kurudi tangini kutoka saizi ya robo inchi kwenda inchi tatu kwa nane, kona zikabaki mbili, na yakaanguka kwa sekunde tisa. Kwa hiyo unapokata paipu ili kurahisisha usisahau kwamba njia ya dharura nayo ni njia ya oili, tena haina pampu ya kuisaidia. Angalia pia gurudumu lako la mbele linakunjwa kuelekea wapi. Likikunjwa kwenda nyuma upepo utalizuia wakati wa kushuka na utahitaji springi ya gesi ya kulisukuma, likikunjwa kwenda mbele upepo unakusaidia. Jaribio la kwenye jeki halikuonyeshi hilo, hewani tu.

Sasa ile nyota niliyoikata. Boksi lilikuja na valvu ndogo ya kupunguza presha ya joto upande wa kupandisha, upande wa kushusha hakuna. Fikiria ndege imepaki juani, magurudumu chini, mota imekata, oili imefungiwa kati ya valvu za njia moja na silinda. Oili ikipata joto inatanuka na haina pa kwenda. Kwenye chombo kisichotanuka kabisa presha inaweza kupanda karibu baa 10 kwa kila digrii moja, kwenye mfumo halisi hozi zinanyumbuka kidogo na valvu zinavujisha kidogo kwa hiyo haifiki huko, lakini mimi niliacha geji imefungwa nikarudi saa nane mchana nikaikuta imepita 130 wakati niliiacha kwenye 65. Fitingi zinahimili, ila oringi zinateseka kila siku bila wewe kujua na siku moja zinakuaga. Niliongeza valvu yangu mwenyewe upande ule, fitingi mbili zaidi ambazo sikuzitaka. Wenye kiwanda waliniambia wateja wengi hawalalamikii hilo. Inawezekana, lakini wengi hawaachi geji imefungwa. Kitu cha hivi kinatakiwa kiwe ndani ya boksi, ndo maana ya kununua boksi.

Umeme. Hapa ndo ugumu ulipohamia, na ni vizuri mtu ajue kabla hajanunua kwamba ugumu haukufutika wote, sehemu yake imehama kutoka kwenye paipu kwenda kwenye nyaya. Mota inapoanza kuzunguka inavuta ampea nyingi kwa muda mfupi, relei mbili nzito zinahitajika, moja ya kupanda moja ya kushuka, na lazima zizuiane ili zisiwake zote kwa pamoja. Bodi ya faiba haipitishi umeme kwa hiyo waya wa kurudi uwe mnene sawa na wa kwenda, mpaka kwenye betri, mimi mara ya kwanza niliuweka mwembamba na mota ikawa inanguruma kwa huzuni na kupandisha kunachukua sekunde 14. Waya mnene, sekunde 7. Weka pia swichi ya kuzuia kupandisha ndege ikiwa chini, kwenye mguu au ya kasi ya upepo, usiache hilo.

Na kitu kidogo kuliko vyote ambacho ningekifunga hata kama ningeambiwa nichague kimoja tu, taa ya njano kwenye dashibodi inayowaka kila mota inapozunguka. Haina gharama ya maana, waya mmoja na taa. Ile taa ndo daktari wa mfumo mzima. Relei ikinata mota haikati, inazunguka tu huku oili inapita kwenye valvu ya kupunguza presha inachemka, na kwa kelele za injini hutaisikia, taa ndo itakwambia, na hapo unavuta breka yake (swichi ya usalama ya kukata umeme). Na inakwambia mambo mengine. Mwanzoni nikiwa juu ilikuwa inawaka kidogo kila dakika 40 hivi, inaongeza presha, inazima. Kawaida kabisa. Kwenye masaa 60 ikaanza kuwaka kila dakika sita. Hakuna tone nje, nimefuta kila fitingi na kitambaa cheupe, kavu. Maana yake oili inapita ndani, ama kwenye sili ya pistoni ama kwenye valvu ya njia moja. Nikatenga silinda moja moja, zote nzima. Nikafungua boksi nikakuta kipande cha utepe mweupe wa nyuzi za bomba, chembamba kama unywele, kimelala kwenye kiti cha valvu. Utepe ule niliuweka mwenyewe kwenye fitingi mbili za nyuzi za mteremko. Tangu siku hiyo natumia dawa ya kupaka, kidogo, naacha uzi wa kwanza wazi, na kwenye fitingi za AN (aina ya kawaida ya ndege) zenye mdomo wa pembe ya digrii 37 siweki chochote kabisa zaidi ya tone la oili ile ile ya mfumo, manake kinachoziba pale ni chuma kwa chuma na sio nyuzi. Nikaongeza filta pia kwenye njia ya kurudi. Dakika 40 zikarudi.

Kulifungua boksi lenyewe ni rahisi, hilo nalo ni la kusifia. Oringi zote ni za saizi za kawaida, hamna kifaa maalum, sinia safi tu na subira.

Oili, kwa kifupi. Sili za boksi ni za raba ya naitraili kwa hiyo ni ile oili nyekundu ya ndege tu. MIL-H-5606 ya zamani inafanya kazi vizuri kwenye baridi ila mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 82 za selsiasi hivi, MIL-PRF-83282 ni ya sintetiki, inastahimili mpaka zaidi ya 200, na inakubaliana na sili zile zile. Boksi langu liko nyuma ya kiti cha abiria sio mbele kwenye injini, hata hivyo nilichagua 83282, kwenye baridi kali sana inakuwa nzito lakini mimi siruki huko. Oili ya breki za gari usiiguse, inazivimbisha hizo sili na kuziharibu, na ile ya zambarau ya ndege kubwa vilevile.

Breki nimeziacha peke yake. Kuna aliyenishauri zitumie tangi la boksi ili nipunguze chupa moja, nikakataa. Ni chupa ndogo ya plastiki na paipu zake, haijui kama magurudumu yanakunjwa, na liki kule haiwezi kuninyima breki huku. Kupunguza vitu kwa kuvifunga pamoja sio kurahisisha, hapo unakuwa na vitu vichache ila kimoja kikianguka kinavuta vingine vyote.

Je ni ya kila mtu? Kama ndege yako ina injini yenye altaneta dhaifu, au flapu na milango yako bado iko kwenye oili, hapana, boksi litakuwa linahangaika na utalilaumu bure. Kama miguu yako ni myepesi na unaweza kuikunja kwa mkono au kwa skrubu ya umeme, fikiria hiyo kwanza, manake haidroliki rahisi kuliko zote ni ile ambayo haipo. Lakini kama umeshabaki na silinda tatu na kazi moja, hii ndo ningenunua tena, na valvu ya pili ya joto ningeifunga kabla ya kumimina tone la kwanza.

Wiki iliyopita nimeipandisha kwenye jeki tena kwa ukaguzi wa mwaka, mara kumi juu na chini. Kupanda sekunde 7, kushuka 6, kuanguka bila umeme 9. Karatasi nyeupe niliyotandika chini ya boksi usiku kucha imeamka nyeupe.